Mwongozo wa Mashine Isiyo na Chuma

Buyenzi, 9 Februari 2003

Kwako Khadidja,

Assalam alaykum. Natumaini u mzima, na hao unaowaita wafanyakazi wako ni wazima pia, kwa kiasi wanachoweza. Hapa kwetu mke wangu Zubeda hajambo, miguu tu inamvimba.

Nimekuficha jambo moja. Ini langu limekwisha. Daktari aliniambia tangu Agosti, kwa Kifaransa kizuri sana, huku akiangalia saa yake. Zubeda peke yake ndiye aliyejua. Wewe sikukuambia kwa sababu ungekuja na machungwa na uso wa msibani, na mimi sikubamiza mlango wa ofisi yako ili nije kuonewa huruma na machungwa.

Leo nakuambia kwa kuwa nimesikia wafadhili wenu wanataka mashine ijengwe upya, na wewe umewajibu kwamba mzee Hamissi tu ndiye anayejua namna ya kuijenga. Hilo ni neno la kwanza la akili kukutoka tangu ulipokalia kiti changu. Basi nitaandika mwongozo kabla sijafa. Wakishaniweka kaburini mtakuwa na kitu cha kusoma.

Nitaanza na maelezo, maana nina wasiwasi kama huko Mutanga Nord mnajua mnachokifungua kila asubuhi. Mashine ya ndani ni kompyuta isiyo na chuma. Ni faili moja kubwa linalolala ndani ya kompyuta ya kweli. Ukilifungua, linaamka likidhani nalo ni kompyuta: lina diski yake, saa yake na majivuno yake. Niliitengeneza ili Hugues wa Kamenge na Laure wa Kibenga wasilazimike kuvuka mji kwenda ofisini siku askari wanapofunga barabara kwa ajili ya vita. Kila mmoja anabeba mashine ileile kwenye diski mfukoni, anaiamsha nyumbani kwake, anaendelea na programu yenu ya kuhesabu dawa za vituo vya afya, na kazi ya huyu inapatana na kazi ya yule. Kabla ya hapo, programu iliyofanya kazi vizuri Mutanga ilikuwa inafia Kamenge, na kila mtu alimlaumu mwenzake. Umesahau. Mimi sijasahau.

Usije kuniona. Kwa mdomo nitakutukana haraka haraka. Kwenye karatasi nitakutukana kwa utulivu, na Zubeda atakuletea.

Mjomba wako,
Hamissi


Mutanga Nord, 12 Februari 2003

Shikamoo mjomba,

Waalaykum salaam. Mimi ni mzima, mafua tu ya mvua. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikalia, halafu nikafika kwenye yale maneno ya majivuno nikaacha kulia. Bila shaka ndivyo ulivyopanga.

Machungwa nimeshanunua. Anayo Zubeda. Ukitaka kuyatupa, inuka uyatupe mwenyewe, usimtume yeye.

Kiti chako sikukikalia. Ulikiacha, na ulipoondoka ulichukua hata mto wake. Ila haya tuyaache.

Sikiliza shida ilivyo. Mashine yako imejaa. Diski yake ya ndani haiongezeki, na hifadhidata mpya tunayotakiwa kuitumia haiwezi kuingia. Lazima tujenge nyingine kutoka kwenye diski tupu. Wafadhili wameweka sharti: mtu mwingine, si Hamissi, aijenge kwa mwongozo ulioandikwa, peke yake, mbele yao, mwezi wa Juni. Nimewaambia Hugues na Laure wajaribu kila mmoja kwake, bila kusaidiana.

Kuna jingine, na hili wao wenyewe wanalijua. Kuanzia Juni watalipia nafasi moja tu. Atakayeweza kuijenga ndiye atakayebaki. Hugues ndiye anayeilisha nyumba ya mama yake, na baba wa Laure hana kazi tangu kiwanda kifungwe. Kwa hiyo nakuomba uandike kwa makini, na ukishindwa kutupenda, tuonee haya kidogo.

Mpwa wako,
Khadidja


Buyenzi, 16 Machi 2003

Kwako Khadidja,

Assalam alaykum. U hali gani? Mimi hali yangu ni ya njano. Zubeda anasema macho yangu yanafanana na machungwa yako, kwa hiyo hayakupotea bure.

Mwongozo huu hapa. Nimeuandika kwa amri, si kwa maombi. Unaanza na diski tupu, jinsi ya kuikata vipande viwili na kwa nini. Unaendelea na kusimika mfumo wa Linux bila michezo, bila madirisha ya kupendeza, bila lolote ambalo mtu wa miaka ishirini na tano anadhani hawezi kuishi bila hilo. Halafu unafika kwenye kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoviamuru vifaa vyote, ambacho lazima kijengwe upya ili kijue vile tu ambavyo mashine ya ndani inaviona. Hapo nimeandika kila jibu la kila swali, ili asiwepo wa kubahatisha. Baada ya hapo ni hifadhidata, zana za kuandikia programu, na majina ya watumiaji. Mwisho ni usafi: kufuta mabaki, kuizima mashine kwa heshima, na kulikata faili lake vipande vinavyoenea kwenye diski za kubebea.

Mwongozo mzuri ni ule ambao hata mpumbavu akiufuata atafika. Huu nimeujaribu akilini, hatua moja moja, nikimfikiria Hugues.

Najua mtalalamika kwamba ni mrefu. Kijana wenu anatoka chuo kikuu na cheti chenye muhuri, na hajawahi kusoma ukurasa mpaka chini. Msichana wenu ana kucha ndefu kiasi kwamba kila akibonyeza herufi moja, jirani yake inabonyezeka bure. Waambie wasome kabla ya kugusa. Waambie wasiongeze busara zao. Hazihitajiki.

Mjomba wako,
Hamissi


Mutanga Nord, 27 Aprili 2003

Shikamoo mjomba,

Habari za maumivu? Zubeda anasema sasa unalala umekaa. Sisi tumepona, alhamdulillahi, ingawa ile wiki ya mabomu hatukufungua ofisi kabisa. Hugues alikwama Kamenge na Laure Kibenga, na ndiyo sababu majibu yamechelewa.

Laure ameweza. Alileta diski zake Jumatatu, akaiamsha mashine mbele yangu. Inafanya kila kitu. Nilimuuliza amepita wapi pagumu, akasema, «Nilifuata tu, dada.»

Hugues hajaweza. Ameijenga, akaivunja, akaijenga tena. Mashine yake inaanza vizuri, inatoa maandishi yake, halafu inafika mahali pa kuitafuta diski yake yenyewe na kusimama hapo. Haitoi kosa. Inasimama tu. Anasema amefuata kila neno.

Mjomba, sikulaumu. Nauliza kama mtu wa kazi anavyomuuliza mtu wa kazi: kuna hatua uliyoisahau? Kama ipo, Laure labda aliikisia na Hugues hakuikisia, na hapo si haki nichague kati yao.

Anayekuletea barua hii ni Hugues mwenyewe. Ana diski zake na za Laure, zote mbili. Kompyuta yako ya nyumbani inatosha kuziamsha. Angalia, halafu uniambie ni nani mwenye kosa. Nitafuata utakachosema, kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kumuuliza.

Mpwa wako,
Khadidja


Buyenzi, 4 Mei 2003

Kwako Khadidja,

Assalam alaykum. Maumivu hayajambo, yananenepa. Natumaini mafua yako yamekwisha.

Kijana wako alifika. Alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuhukumiwa, na Zubeda, ambaye mimi hunipa chai ya jana, akamchemshia mpya.

Nikamuuliza, «Umefuata, au umesoma tu?»

«Nimefuata, muzee. Neno kwa neno. Mara ya kwanza nilisema ni umeme. Mara ya pili nikasema ni mi mwenyewe. Sasa sijui tena ni nani.»

«Ni wewe.»

«Ndiyo, muzee. Lakini ni wapi?»

Nikamwambia kama ningejua ni wapi katika kichwa chake pana tundu, ningeziba. Zubeda akacheka, halafu akasema, «Hamissi, mwache mutoto anywe chai.» Akanywa. Halafu, huku anaangalia kikombe, akaniuliza bila ufidhuli, kama anayeuliza njia:

«Muzee, we mwenyewe ukifuata hii karatasi, inaamka?»

Nilimwambia kwamba aliyetunga sala hahitaji kuisoma kitabuni. Akasema, «Pardon, muzee.» Akavaa viatu vyake akaenda. Pale nje alimsaidia Zubeda kuingiza makaa.

Sasa hukumu yako. Mashine ya Laure nimeiamsha. Ni safi, inafanya kazi, sina la kuongeza. Mwongozo haukusahau kitu. Hugues ni mtu wa aina ninayoijua sana: anaheshimu, anasikiliza, na haoni. Wapo wengi katika mji huu, na wengine wamepewa wizara. Mpole si fundi. Hapa barabarani kwetu fundi wa gari anayeshindwa kuwasha gari hatuambii kwamba amefuata kitabu.

Mbakize Laure. Inaniuma kuandika jina lake, lakini mbakize.

Mjomba wako,
Hamissi


Mutanga Nord, 25 Mei 2003

Shikamoo mjomba,

Hujambo? Umekula? Zubeda ananiambia wali unarudi jikoni kama ulivyotoka.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwita Hugues ofisini Alhamisi nikamwambia kwamba mwisho wa mwezi anarudisha ufunguo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea, kwa sababu nilidhani atabisha. Hakubisha. Aliniuliza kitu kimoja: «Dada Khadidja, naweza kubaki na mwongozo?» Nikamuuliza wa nini sasa. Akasema bado anataka kujua alipokosea.

Unajua nilichofanya? Nilicheka. Kicheko chako kile cha puani. Kilinitoka kirahisi sana, kama nilizaliwa nacho, na akakisikia. Tangu siku ile sijisikii vizuri. Wewe ulikuwa unatudharau, lakini ulikuwa unaijua kazi. Mimi nimemdharau mtu kwa kukopa dharau ya mwingine.

Maonyesho ni tarehe kumi na mbili Juni. Wafadhili wataleta kompyuta mpya, diski tupu, na Laure ataijenga mashine mbele yao kuanzia asubuhi, mwongozo mkononi. Juzi aliniuliza kama hawezi kuwaonyesha tu ile aliyokwisha kuijenga. Nikamwambia hapana, sharti ni diski tupu. Akaenda kunawa uso.

Labda ni woga tu. Mjomba, niambie ni woga tu.

Mpwa wako,
Khadidja


Mutanga Nord, 2 Juni 2003

Shikamoo mjomba,

Zubeda amekuja mara mbili bila barua. Anasema unaandika halafu unachana. Kama mkono umechoka, mwambie yeye aandike unachotaka kusema.

Hugues alirudisha ufunguo Jumamosi. Alikuwa ameufunga kwenye karatasi safi na kuandika jina la mlango, kama ofisi ina milango mingi. Mama yake alikuwa amemngoja nje, kwenye jua, hakutaka kuingia. Nilimsalimia, akaitikia akiangalia pembeni. Hugues alipokuwa anaondoka akasema, «Mwambie muzee apone.» Alisema kama anavyosema mtu anayetaka kweli.

Nijibu.

Khadidja, mpwa wako


Buyenzi, 6 Juni 2003

Kwako Khadidja,

Assalam alaykum. Siulizi hali yako. Nadhani baada ya kusoma haya itakuwa mbaya, na ya kwangu unaijua. Zubeda alitaka kuniandikia, nikakataa, kwa sababu kuna mambo mtu hapaswi kumsomea mke wake kwa sauti.

Laure hakujenga kitu. Kila diski, hata isiyo na chuma, inakumbuka siku ilipoundwa. Kuna amri moja fupi ya kuiuliza, na inajibu. Mimi niliiuliza ya Laure siku ile ile, Hugues akiwa bado uani anaingiza makaa. Ikajibu: Novemba 2001. Ni mashine yangu, Khadidja. Ile ya zamani, iliyojaa. Alifuta mafaili mengine ili hifadhidata mpya ipate nafasi, akaibadilisha jina, akakuletea kama mtoto mchanga. Kazi ya kitoto. Wewe ungeijua kwa amri moja, lakini hukuiuliza, kwa sababu uliona inawaka taa ukatosheka. Hivyo ndivyo mnavyofanya kazi huko.

Nilijua, basi, na nikakuandikia kwamba ni safi na sina la kuongeza. Nilikaa na kalamu mkononi nikawaza: huyu msichana mwongo anathibitisha kwamba mwongozo wangu ni kweli, na huyu kijana mkweli anathibitisha kwamba ni uongo. Nikamchagua aliyenifaa. Halikunichukua muda mrefu. Ninyi nawadharau kwa sababu mnajua kidogo. Kwa hili la kwangu sijapata neno, nami nina maneno mengi.

Fanya haya, na uyafanye kabla ya tarehe kumi na mbili. Laure usimpeleke mbele ya wale watu. Atakaa mbele ya kioo cheusi siku nzima na wataandika ripoti juu ya machozi yake. Mwite pembeni, mwambie unajua, mwache alie, halafu uamue mwenyewe kama utambakiza kwa kazi nyingine. Alikuwa na njaa, na mimi nilimfunika. Usimtwishe mzigo wangu juu ya wake.

Wafadhili waambie wasogeze siku. Waambie mzee anakufa. Ni kweli, na watu wale wanapenda sana kusogeza mambo kwa sababu ya heshima.

Halafu nenda Kamenge. Nenda mwenyewe, usimtume mtu, na usiende na gari la ofisi. Mwambie Hugues mbele ya mama yake kwamba amefuata kila neno, na kwamba ndiyo sababu mashine yake haikuamka. Mrudishie ufunguo. Mwambie ile sehemu yangu ya kiini cha mfumo aitupe. Achukue kiini cha kawaida kinachokuja na Linux, akione kinasema nini, aongeze kitu kimoja, ajaribu, aandike. Aandike alichofanya kwa mkono wake, si kile anachodhani mtu mwenye akili angekifanya. Mimi niliandika hicho cha pili, kurasa nyingi, kwa lugha nzuri. Yeye atachukua wiki tatu au mwezi, lakini atafika, na akifika ataweza kurudia. Ndiyo kazi yenyewe. Nimewafundisha watu kazi hii miaka mingi bila kuwaambia hivyo.

Sasa lililobaki.

Mwezi wa Machi, Zubeda alipokuwa njiani anakuletea mwongozo, nilichukua nakala yangu, nikaweka diski tupu, nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilitaka raha ya kuiona inaamka. Ilitoa maandishi yake, ikafika mahali pa kuitafuta diski, ikasimama. Nikarudia. Ikasimama palepale. Nilikesha nayo, nikabadilisha hiki na kile, nikawatukana mafundi wa Kimarekani na wa Kibelgiji na marehemu baba yangu, mpaka Zubeda akaja na beseni akidhani natapika. Ilikuwa bado imesimama uliponiandikia kuniuliza kama kuna hatua niliyoisahau.

Ile ya 2001 niliijenga Ramadhani nzima. Nilichomeka, nikachomoa, nikachukua kipande kwenye diski iliyokuja na gazeti moja la Ufaransa, nikafuta, nikarudisha nusu, nikalala, nikaamka nikaendelea. Sikuandika lolote, kwa kuwa niliwaona wanaoandika kila kitu kuwa ni makarani. Karibu na Idi ikakubali. Nikaita ofisi nzima waje waione, nikawaeleza kwa saa nzima jinsi nilivyoipanga tangu mwanzo, na wewe ulikuwa umekaa mbele ukiandika kila nilichosema.

Sikuwa nimepanga kitu. Iliamka asubuhi moja, na mpaka leo sijui kwa nini.

Mjomba wako,
Hamissi